Dawa ya Jino ni Kung'oa?

Msemo huu utausikia barazani, dukani na ndani ya daladala: dawa ya jino ni kung'oa. Mara nyingi anayeusema hana habari na meno. Anazungumzia mpangaji msumbufu, kibarua mwizi, au uchumba uliokosa mwelekeo. Lakini kinywani ndiko ulikozaliwa, na huko unatekelezwa kama ulivyo. Kaa asubuhi moja kwenye benchi la nje ya chumba cha meno katika kituo cha afya. Mmoja ameshika shavu kwa ncha ya khanga. Wa pili hajapata usingizi siku tatu, na karafuu aliyoibana kwenye jino inanukia mpaka kwa jirani yake. Wa tatu, kijana wa bodaboda, amevimba shavu hadi jicho linaanza kujifunga. Waulize wamefuata nini, jibu ni moja. Hapo benchini hakuna hata mmoja aliyekuja kuangaliwa tu.

Ni rahisi kusema watu hawa hawapigi mswaki. Huko ni kuwaonea. Wengi wamepiga mswaki asubuhi hiyo hiyo, tena kwa bidii, maana hakuna anayetaka kumfungulia daktari kinywa kichafu. Kilichowaleta ni kitu kingine: sote tumeyafanya maumivu kuwa ndiyo kipimo cha jino. Lisipouma ni zima, likiuma ni bovu, na bovu ling'oke. Kipimo hicho ni kibovu kuliko jino lenyewe, kwa sababu jino huuma likiwa limekaribia mwisho wa safari, na kila kituo kabla ya hapo kilikuwa na dawa nyepesi kuliko koleo.

Mdudu yupo, ila si yule

Tukiona tundu kwenye jino tunasema limeliwa na mdudu. Imani hii si yetu peke yetu. Wababeli wa kale waliiandika kwenye vibao vya udongo, na hadi leo wapo waganga wanaomwonyesha mgonjwa kijinyoo wanachodai kimetoka kwenye gego lake. Mwaka 1683 Mholanzi aliyekuwa mfanyabiashara wa vitambaa, Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua utando mweupe kwenye meno yake mwenyewe, akauweka chini ya lenzi aliyoitengeneza kwa mkono, akaona viumbe vidogo vikirukaruka. Karne mbili baadaye, mwaka 1890, Mmarekani Willoughby Miller aliyekuwa akifanya kazi Berlin alichapisha kitabu kilichoeleza kazi ya viumbe hao: hugeuza mabaki ya vyakula vya wanga na sukari kuwa asidi, na asidi ndiyo inayoyeyusha jino.

Kwa hiyo wazee walikuwa nusu sahihi. Mdudu yupo, ni bakteria, na anayetajwa zaidi huitwa Streptococcus mutans. Hana meno wala hatoboi kwa pembe. Anakula tunachokula, kisha anatoa haja yake juu ya jino. Utando anaoishi ndani yake, ule unaouhisi kwa ulimi asubuhi kama jino limevaa soksi, ndio ukoga.

Gamba la nje la jino ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini asidi inaliweza. Uchachu ukiongezeka hadi kipimo cha pH kushuka chini ya takribani 5.5, madini huanza kuchomoka kwenye gamba. Ukimaliza kula, mate huanza kazi ya fundi: huosha, hupunguza ule uchachu, na kurudisha madini yaliyotoka. Kazi hiyo huchukua nusu saa hadi saa moja. Jino basi halisimami tuli. Kutwa nzima linabomolewa na kukarabatiwa, na linaoza pale ubomoaji unapomshinda fundi mwendo.

Gamba hilo halina mshipa wa fahamu. Doa la kwanza la kuoza huwa jeupe kama chaki, halina uchungu wowote, na hapo jino bado linaweza kujirudi. Tundu likivuka gamba, maji baridi yanasisimua. Likisogea ndani, chai ya moto inaleta maumivu yanayobaki hata kikombe kikishawekwa chini. Likifika kwenye kiini, maumivu yanakuja usiku yenyewe bila kuitwa. Halafu siku moja yanakoma. Mgonjwa hushukuru Mungu na kuisifu karafuu, kumbe mshipa umekufa, na usaha unatafuta njia kwenye mfupa. Uvimbe unaoshuka kutoka shavuni kwenda chini ya kidevu na shingoni unaweza kuziba njia ya hewa. Huo si wa kusubiri kesho, ni wa hospitali saa hiyo hiyo.

Karafuu nayo isidharauliwe. Mafuta yake yana yujenoli, kemikali inayotia ganzi, na madaktari wa meno wameichanganya na oksaidi ya zinki kwa miaka mingi kutengeneza kiziba cha muda. Ile harufu ya chumba cha meno inayowatisha watoto, kwa sehemu kubwa ni harufu ya Pemba. Lakini karafuu yenyewe inatuliza tu, haizibi.

Hesabu mara, usihesabu vijiko tu

Ikiwa kila tonge tamu linaanzisha mzunguko wa asidi, basi swali kubwa si kiasi gani cha sukari kimeingia kinywani, bali mara ngapi. Chupa ya soda ya mililita 300 hubeba takribani gramu 30 za sukari, sawa na vijiko saba au vinane vya chai. Mama anayeinywa pamoja na wali wa mchana ameyashambulia meno yake mara moja. Dereva wa bodaboda anayeiweka kwenye kivuli cha pikipiki, akapiga funda kati ya abiria mmoja na mwingine kuanzia saa nne hadi saa saba, amekunywa sukari ile ile, lakini mate yake hayajapata hata dakika ishirini za kufanya ukarabati.

Sasa pitia siku ya kawaida ya mjini kwa jicho hilo. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu, na andazi. Saa nne, chai nyingine ya ofisini. Mchana, soda au juisi ya ukwaju. Jioni, kashata. Mtoto naye ana ubuyu: mbegu zilizopakwa sukari na rangi, chachu kwa asili yake, zinazomung'unywa moja moja mpaka mfuko uishe. Ukiwaagiza bakteria wabuni chakula chao, wasingebuni kizuri kuliko ubuyu, maana una sukari, una uchachu, na unakaa kinywani muda mrefu. Kwenye vijiwe vya mirungi mambo ni hayo hayo, kwani majani yanakausha mate, na ukali wake unapozwa kwa soda na bigijii kwa saa nzima nzima.

Hakuna haja ya kupiga marufuku kashata Uswahilini. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50 kwa siku, na ikishuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Lakini hata mtu asiyepima chochote anaweza kuhamisha vitamu vikae pamoja na mlo, na katikati ya milo akanywa maji. Ubuyu baada ya ubwabwa ni jambo moja. Ubuyu wa kutwa ni jambo jingine.

Kwa nini inaitwa dawa

Watu wengi huita kila dawa ya meno Colgate, hata kama tyubu ina jina tofauti. Jina la Kiswahili ni bora zaidi, kwa sababu linasema kweli: ni dawa. Ila wengi tunakosea kuijua dawa ni ipi ndani yake. Povu si dawa, wala ule ubaridi wa mnanaa. Dawa ni floraidi, madini yanayoingia kwenye gamba la jino na kulifanya liistahimili asidi, na kumsaidia fundi mate arudishe madini haraka. Geuza tyubu usome maandishi madogo: floraidi iwe kati ya ppm 1000 na 1500. Mkaa wa kusaga, chumvi na majivu vinaweza kung'arisha, lakini vinakwangua gamba na havina dawa hiyo.

Ukishajua dawa ni nini, mambo mawili tuliyozoea yanabadilika. La kwanza ni kusukutua. Tumefundishwa kupiga mswaki, kisha kusukutua kwa kikombe kizima mpaka maji yatoke meupe. Huko ni kuimwaga dawa kabla haijafanya kazi. Tema povu, tema tena, acha hapo. Ladha inayobaki ndiyo kinga yenyewe.

La pili ni saa. Wengi hupiga mswaki asubuhi ili watoke nyumbani na harufu nzuri. Huo ni usafi wa kukutana na watu. Usafi wa kulinda meno ni wa usiku, kwa sababu tukilala mate hupungua sana, na kipande cha mkate kilichobaki kati ya magego kina saa nane za kufanya kitakacho. Asiyeweza mara mbili kwa siku basi asiuache wa usiku. Dakika mbili zinatosha, kwa mswaki wenye nywele laini, ukiulaza kidogo uguse mpaka wa jino na ufizi. Anayesugua kwa nguvu kama anayekwangua ukoko wa sufuria huumaliza mswaki kwa mwezi na kuyachimbia meno yake mifereji karibu na fizi. Na kati ya jino na jino, mahali nywele za mswaki hazifiki, ndipo penye kazi ya uzi wa meno.

Je, mswaki wa mti? Neno lenyewe limetoka kwa Waarabu, na ule mti, Salvadora persica, unaota kwenye maeneo makavu ya Afrika Mashariki kama unavyoota Arabuni. Uislamu umeuhimiza, na nje ya misikiti mingi ya pwani utaukuta umefungwa mafungu. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utumike pale ambapo ni desturi. Ukitafunwa vizuri hadi ncha iwe nyuzi, na ile ncha iliyochoka ikakatwa, unafanya kazi. Udhaifu wake ni umbo: umenyooka, kwa hiyo husafisha vizuri meno ya mbele yanayoonekana, na upande wa ndani wa magego ukabaki na ukoga wake. Mzee anayetembea nao mchana na kutumia dawa ya floraidi kabla ya kulala amechukua mema ya pande zote mbili.

Damu kwenye mswaki

Meno yanapong'oka ukubwani, tundu si mkosaji pekee. Kuna fizi. Ripoti ya uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa Kenya ya mwaka 2015 ilikuta watu wazima 98 kati ya 100 fizi zao zinatoka damu. Jambo likiwa la kila mtu huacha kuonekana ugonjwa. Mtu akiona wekundu kwenye mate anauonea huruma ufizi, anapaacha pale panapotoka damu, na ukoga uliosababisha damu unapata amani ya kuongezeka. Dawa yake ni kinyume: pasafishwe kwa upole na bila kuruka siku, na kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili damu inakoma.

Ukoga ukikaa, hugandishwa na madini ya mate ukawa ugaga, mgumu kama koga la birika la chai. Huo hautoki kwa mswaki. Unatolewa kwa vyombo vya daktari. Hapa kuna hofu iliyoenea kwamba kusafishwa kunalegeza meno. Ukweli ni kwamba meno yalishalegea. Ugonjwa wa fizi ulishakula mfupa, na ugaga ukabaki umeyashikiza kama saruji. Mwenye kisukari awe macho zaidi, kwa kuwa sukari isiyodhibitiwa inachochea ugonjwa wa fizi, na fizi mbovu zinafanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Mjamzito naye fizi zake huvimba kwa sababu ya homoni, wala si kweli kwamba mtoto tumboni anafyonza chokaa ya meno ya mama yake. Na mtumiaji wa ugoro, kuberi au tambuu yenye popoo akiona kidonda kinywani kisichopona kwa wiki mbili, asikingoje kiume. Tumbaku na popoo zote zimethibitika kusababisha saratani.

Kung'oa kabla jino halijaota

Imani ya kung'oa inafika mbali kuliko tunavyodhani. Mtoto wa miezi michache anaharisha, ana homa, analia. Jirani anachungulia ufizi, anaona vivimbe vyeupe mahali chonge zitakapoota. Hayo, anasema, ni meno ya nailoni. Wengine huyaita ya plastiki, na Uganda huitwa ebinyo. Anaitwa mtu wa kuyatoa, kwa wembe au kwa spoku ya baiskeli. Kinachotolewa ni chipukizi la jino halisi. Watoto wamepata maambukizi na kupungukiwa damu, wengine wamekufa, na waliopona wengi wameota meno ya ukubwani yakiwa na kasoro. Alichohitaji mtoto yule ni maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, na ufizi haukuhusika hata kidogo.

Kwa upande mwingine, meno ya utotoni yakioza tunayaacha: si yatang'oka tu? Yatang'oka, lakini jino la maziwa lililooza linamnyima mtoto usingizi na chakula, na likitoka mapema mno linaacha pengo ambalo majirani zake wanalifunga, na la ukubwani linaota upande. Anza kulipiga mswaki jino la kwanza siku linapochomoza, kwa dawa isiyozidi punje ya mchele, na kuanzia miaka mitatu kiasi cha punje ya njegere. Asilale na chupa ya uji wenye sukari. Mpaka afike kama miaka saba, mkono wa mzazi uushike mswaki, maana mtoto asiyeweza kufunga kamba za viatu hawezi kusafisha gego.

Hudhurungi isiyo uchafu

Floraidi hiyo hiyo inayookoa jino ikiwa kidogo huliharibu ikizidi. Kwenye miteremko ya Mlima Meru na sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Arusha hadi Nakuru, miamba ya volkano huyeyushia madini hayo kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo vya maji huko vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya taya, yaani kabla ya kutimiza kama miaka minane, huota meno yenye mabaka ya hudhurungi. Magadi yanayotumika kulainishia makande na maharage nayo huongeza floraidi.

Rangi hiyo haitoki kwa mswaki, na kumwambia kijana wa Arusha asugue zaidi ni kumtukana. Kinga yake iko kwenye maji: ya mvua, ya chanzo kilichopimwa, au yaliyochujwa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi na vichujio vya mkaa wa mifupa, ambao hunasa floraidi. Hapo ndipo usafi wa mtu mmoja mmoja unapofika ukomo wake. Familia inaweza kununua mswaki, ila haiwezi kupima kisima peke yake.

Ufa na ukuta

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa ufa na kwa jino: kuziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kinywa ukuta huo haujengeki tena. Kwa nini basi tunaziba kidogo na kung'oa sana? Jibu la kawaida ni kwamba kuziba kunataka umeme, mashine ya kutoboa na kiti cha bei kubwa, ilhali kung'oa kunataka sindano ya ganzi na koleo.

Jibu hilo lilipata mpinzani hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa shule ya udaktari wa meno Dar es Salaam, akiwemo Mholanzi Jo Frencken, walijaribu njia isiyohitaji umeme: kuchokoa sehemu laini iliyooza kwa vyombo vya mkono pekee, kisha kuziba tundu kwa saruji ya ayonoma, ambayo hushikamana na jino na hutoa floraidi taratibu. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki, na kazi inaweza kufanyika juu ya meza ya darasa. Njia hiyo ikajaribiwa Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ilipoelekezwa kwenye afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa ulimwengu. Mwaka 2021 saruji hiyo na dawa ya meno yenye floraidi ziliingizwa kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

Basi nchi iliyoifundisha dunia kuziba jino bila umeme bado ina methali ya koleo. Sehemu ya lawama ni ya bajeti: saruji isipokuwepo stoo, tabibu wa meno hana cha kuzibia. Lakini sehemu nyingine inakaa kwenye lile benchi. Tundu dogo halimleti mtu, na kubwa likimleta, saruji haitoshi tena. Vyombo na wagonjwa vinapishana njiani, kila kimoja kikifika wakati mwenzake ameondoka.

Wanaoweza kukutana mapema ni wawili: mzazi na gego la miaka sita. Gego hilo huota nyuma kabisa ya meno ya maziwa, bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo hakuna anayelirusha juu ya paa wala anayejua limekuja. Wazazi wengi hulihesabu kuwa la utotoni na kuliacha lioze, kumbe ni la kudumu, na baada yake hakuna jingine. Lina mabonde juu yake yanayoficha ukoga, na ndilo linaloongoza kwa kuoza. Usiku wa leo, kabla mtoto hajalala, washa tochi ya simu umwambie apanue kinywa. Ukiona huko nyuma jino pana, jipya, lenye kingo kali, umelipata siku lilipohitaji mswaki na chembe ya dawa tu. Ukiona doa jeupe kama chaki, au kitundu cheusi kisichopita kichwa cha njiti ya kiberiti, mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii, hata kama mtoto mwenyewe anakuapia kwamba haliumi.